Nathaniel Kleitman, mwanasayansi aliyeingia pangoni kupima usingizi

Siku hizi zipo saa za mkononi na simu zinazodai kukueleza umelala saa ngapi. Mmoja wa watu waliotangulia kuufanya usingizi kuwa jambo la kupimwa ni Nathaniel Kleitman.

Alizaliwa mwaka 1895 mjini Kishinev, ambao leo ni mji mkuu wa Moldova. Mwaka 1915 alifika Marekani akiwa kijana maskini. Alisoma hadi akapata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1923, akabaki kufundisha na kuchunguza usingizi. Wakati huo wanasayansi wengi waliona aliyelala hana cha kuchunguzwa.

Kleitman alianza na mwili wake mwenyewe. Alikesha siku kadhaa mfululizo ili aone madhara yake. Mwaka 1938 aliingia Mammoth Cave, pango kubwa huko Kentucky, pamoja na mwanafunzi wake Bruce Richardson. Walikaa siku 32 bila kuona jua. Walijaribu kuishi kwa siku ya saa 28: saa 19 macho, saa 9 kitandani. Kila mara walipima joto la mwili, kwa kuwa hupanda mchana na kushuka usiku.

Matokeo yalitofautiana. Mwili wa Richardson, kijana wa miaka ya ishirini, uliizoea siku mpya. Wa Kleitman, aliyekuwa na miaka 43, uligoma ukashika saa zake 24. Angeweza kutangaza ushindi wa mwenzake peke yake. Hakufanya hivyo, bali aliandika yote mawili, likiwemo lililomshinda yeye.

Mwaka 1953, yeye na mwanafunzi wake mwingine, Eugene Aserinsky, walitangaza kwamba macho ya aliyelala huenda mbio kwa vipindi. Waliwaamsha watu mara 27 katika vipindi hivyo, na mara 20 waliamka wakisimulia ndoto. Zile mara 7 nazo hawakuzificha. Tangu hapo ikajulikana kuwa ubongo haulali kama jiwe.

Msikilizaji, hili linakuhusu. Saa ya mkononi hutegemea sana mtikisiko wa mwili. Ukilala kimya ukiwa macho, ukiwaza ada au mvua iliyochelewa, inaweza kuhesabu kuwa umelala. Kwa hiyo mtafiti wa afya akikuletea takwimu za usingizi, muulize: mmepima kwa chombo gani, watu wangapi, usiku mngapi, na usiku ambao chombo hakikuvaliwa mmeuhesabu vipi? Mganga anayekupa ushauri kwa takwimu zilizofichwa nusu anaweza kukupa dawa isiyokufaa.

Kleitman alifariki mwaka 1999, akiwa na umri wa miaka 104.