Charles Friedel na Tone la Sifuri

Wenzangu wa kidato cha tano na cha sita wanaosoma kemia wamekwisha kutana na jina la Friedel, kwa kuwa limefungamanishwa na jina la Crafts katika somo la benzini. Wanafunzi wa zamani nao nadhani hawajalisahau. Lakini mimi nataka kueleza habari yake nyingine, isiyoulizwa katika mitihani, ambayo naiona kubwa kuliko ile.

Charles Friedel alizaliwa mjini Strasbourg, Ufaransa, tarehe 12 Machi, 1832. Baba yake alikuwa mwenye benki, na kijana alifanya kazi kwa babaye muda wa mwaka mmoja, akihesabu fedha za watu. Mwaka 1851 alikwenda Paris kukaa na babu yake mzaa mama, Georges Duvernoy, mtaalamu wa elimu ya wanyama. Alipata kusomeshwa na Louis Pasteur, na mwaka 1854 akaingia katika maabara ya Adolphe Wurtz. Miaka miwili baadaye alipewa kazi ya kutunza mkusanyo wa mawe na madini katika Chuo cha Migodi. Basi akawa mtu wa kazi mbili, mawe na kemia, na nadhani hapo ndipo fikira yake ilipozaliwa.

Siku zile wataalamu wa Ufaransa walikuwa wakibishana vikali juu ya atomu. Wakubwa wengi, kama Marcellin Berthelot, hawakutaka kusikia habari zake. Wurtz na Friedel walikuwa upande wa atomu. Tena watu hawakukubaliana juu ya silikoni, ambayo imejaa katika mchanga na mawe: je, atomu yake ina mikono minne ya kushikia wenziwe, kama kaboni, au vipi? Friedel akaona kwamba kubishana kwa maneno hakutoshi. Akishirikiana na Mmarekani James Mason Crafts, tangu mwaka 1863 alianza kutengeneza vitu ambavyo ndani yake silikoni imekaa mahali pa kaboni. Kazi ilikuwa ya hatari, maana walitumia vimiminika vya zinki ambavyo huwaka moto vyenyewe vikiguswa na hewa, wakavipasha joto ndani ya mirija ya kioo iliyozibwa. Mwaka 1865 walipata kimiminika chepesi, tetramethilisileni: silikoni moja katikati, na methili nne zimeizunguka. Mikono ilikuwa minne kweli. (Mwaka huohuo alizaliwa mwanawe Georges, aliyekuja kuwa bingwa wa elimu ya fuwele.)

Hoja ilikwisha kushinda, na kimiminika chenyewe kikakaa miaka mingi bila kazi kubwa.

Friedel aliendelea. Mwaka 1877 yeye na Crafts walitangaza ile njia ya kloridi ya alumini tunayosoma. Mwaka 1884 Wurtz alipokufa, alishika nafasi yake ya kufundisha Sorbonne. Alijaribu pia kutengeneza almasi, asifaulu. Mwaka 1892 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa Geneva, ambako wakemia wa nchi mbalimbali walipatana namna moja ya kuviita vitu vya kaboni. Anayelalamikia majina marefu ya kemia basi ajue yalikoanzia. Alifariki Montauban tarehe 20 Aprili, 1899.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Katika miaka ya 1945 na 1946 wanafizikia wa Marekani, kundi la Purcell na kundi la Bloch, waligundua kuwa viini vya haidrojeni vikiwa ndani ya sumaku kali huitikia mawimbi ya redio. Kila haidrojeni huitika kwa namna yake, kulingana na jirani zake, na hivyo mkemia hutambua umbo la kitu asichoweza kukiona. Ila palikuwa na shida: mwitikio hubadilika kwa nguvu ya sumaku. Bila mahali pamoja pa kuanzia kuhesabu, ilikuwa kama watu wawili kupima mlima mmoja, huyu akianzia ufukoni na yule kijijini kwake.

Mwaka 1958 George Tiers alipendekeza kutia ndani ya kila kipimo tone la kimiminika kile cha Friedel. Haidrojeni zake 12 zote ziko sawa, kwa hiyo huitika kwa sauti moja tu. Sauti hiyo iko kandoni, mbali na za vitu vingi. Tena hakichanganyikani kikemia na kinachopimwa, na kwa kuwa huchemka kwenye digrii 27 hivi, mchana wa joto wa pwani ungekitosha kutoweka chenyewe, kikaacha dawa safi. Sauti yake ikaitwa sifuri, na nyingine zote zikahesabiwa kwa sehemu katika milioni kutoka hapo, ili jibu liwe lilelile kwa sumaku yoyote.

Mwaka 2001 umoja wa wakemia wa dunia ulipendekeza sifuri hiyo itumike hata kwa viini vya elementi nyingine. Siku hizi wengi hawatii tone lenyewe. Huhesabu kwa alama ya kiyeyushi. Lakini alama hiyo nayo ilikwisha kupimwa kutoka kwa kimiminika cha mwaka 1865.