Daktari Andreas Grüntzig na Mrija Wake

Wanafunzi wa zamani wa shule yetu walioko Gitega na Muyinga wengi sasa wana mvi. Zamani walipokutana waliulizana habari za mpira. Siku hizi huulizana habari za moyo. Wakisikia kwamba mtu ametengenezwa mshipa wa moyo asubuhi, na jioni amerudi kwa miguu yake, hudhani ni hadithi. Si hadithi. Basi tutazame maisha ya mtu aliyeifungua njia hiyo.

Andreas Grüntzig alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1939. Baba yake alipotea katika Vita Kuu ya Pili, akalelewa na mama. Alisomea udaktari Heidelberg, kisha akaenda kufanya kazi Zürich, Uswisi. Siku zile, mtu ambaye mishipa inayolisha moyo wake imezibana alipasuliwa kifua, akalala hospitali siku nyingi. Grüntzig alifikiri: kwa nini tusipitishe mrija mwembamba ndani ya mshipa, wenye kijiputo mbele, tukakijaza pale palipobana, njia ya damu ikapanuka?

Fikira ilikuwa nyepesi, kazi ilikuwa nzito. Usiku, baada ya zamu, alikaa mezani jikoni kwake pamoja na mkewe na msaidizi wake, Maria Schlumpf, wakikata na kugundisha vijiputo kwa mkono. Mwaka 1976 alipeleka habari za majaribio yake Marekani, wengi hawakuamini. Yeye hakugombana nao, alirudi kazini.

Tarehe 16 Septemba 1977, huko Zürich, alimtibu mgonjwa wake wa kwanza wa moyo, mtu wa miaka 38, umri sawa na wake mwenyewe. Mgonjwa alikuwa macho muda wote, na kifua hakikuguswa kwa kisu. Miaka 10 baadaye mshipa ule ulitazamwa tena, nao ulikuwa wazi.

Mwaka 1980 Grüntzig alihamia Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Huko alitaka kuonyesha kwamba mtu anaweza kupimwa mishipa ya moyo kwa mrija asilale hospitali. Akajilaza mwenyewe mezani, mwenzake akampitishia mrija, na jioni ile ile akaenda na mkewe kwenye karamu ya Krismasi.

Hakuishi kuona matunda yote. Tarehe 27 Oktoba 1985 ndege aliyoirusha mwenyewe ilianguka katika hali mbaya ya hewa, akafa pamoja na mkewe. Alikuwa na miaka 46. Wengine wakaendelea. Mwaka 1992 Daktari Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam alianza kuingiza vyombo hivyo, pamoja na kijiwavu cha chuma cha kuushikilia mshipa, kwa njia ya kifundo cha mkono badala ya pajani. Damu ya hapo huzuiwa kwa urahisi, na mgonjwa husimama mapema. Ndipo matibabu yaliyopangwa, yakienda salama, yakawa ya siku moja.

Lakini ndugu zangu, tuelewe vema neno nyumbani. Mtu wa Gitega au Muyinga huenda akatibiwa mbali, labda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kwake yeye, nyumbani usiku ule si Muyinga. Ni kwa jamaa aliye karibu na hospitali. Asilale peke yake, asiendeshe gari, wala asishike jembe au mzigo mzito mpaka daktari amruhusu. Kifundo kikitoa damu akibonyeze kwa nguvu na kutafuta msaada. Kifua kikiuma, arudi hospitali mara moja. Na dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa kuwa amejiona mzima, maana kile kijiwavu chaweza kuziba ghafula.

Grüntzig aliwafupishia wagonjwa siku za hospitali kwa subira ya miaka mingi. Nasi tusiiharibu kazi hiyo kwa haraka ya usiku mmoja.