Shule ya Nyumbani ya Alexander Mackay

Mwaka 1878 fundi mmoja Mskoti, Alexander Mackay, alifika Kageye, ufukweni mwa Ziwa Victoria, mkoa wa Mwanza wa leo. Aliikuta mashua ya misheni ya Kianglikana, Daisy, imeharibika. Akaitengeneza kwa mikono yake ili avuke kwenda Buganda. Mtu huyu hakukanyaga darasa mpaka alipofikisha miaka 14.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie. Baba yake, mchungaji na mwandishi wa vitabu vya jiografia, aliamua kumfundisha mwenyewe nyumbani. Akiwa na miaka mitatu mtoto aliweza kusoma Agano Jipya. Lakini masomo mengi hayakufanyika mezani. Baba alitoka naye matembezini, na katikati ya njia akasimama, akachora mavumbini kwa fimbo yake. Mara ilikuwa fumbo la hesabu, mara mkondo wa mto Zambezi, ambao Livingstone alikuwa akiuchunguza siku hizo. Wanakijiji walibaki kushangaa mchungaji anamwonesha nini kijana wake pale chini. Ndivyo Musa alivyowaelekeza wazazi wa Israeli (Kumb. 6:7), na shule hiyo haina ada. Mama anayeanika dagaa Igombe anao mchanga wa kutosha kuandikia.

Mama yake, Margaret, alimfundisha Biblia na kumsimulia habari za wamisionari. Baba alitamani awe mchungaji kama yeye. Mtoto alivutwa na karakana ya mhunzi, na alitembea maili kadhaa kwenda kuitazama injini ya treni ikisimama kituoni kwa dakika chache. Mwishowe alisomea uhandisi.

Mwaka 1864 alipelekwa shule mjini Aberdeen. Mwaka uliofuata mama alifariki, akamwachia Biblia yake. Muda wa mama kumfundisha mwanawe ulikuwa umekwisha, na hakuna aliyejua mapema kwamba ungekuwa mfupi hivyo.

Mackay hakuwa Mwadventista. Ujumbe wetu ulifika pwani ya ziwa hili, Gendia, mwaka 1906. Huko Buganda alihubiri, akafua chuma, akachonga mwenyewe herufi za kupigia chapa ili wanafunzi wapate karatasi za kusomea. Januari 1885 vijana watatu wa misheni waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mackay aliendelea kufundisha. Alipofukuzwa mwaka 1887 alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akajenga upya karakana, akatafsiri Maandiko kwa Kiganda, akafundisha vijana kusoma na kufanya kazi za mikono.

Hakuoa wala hakupata mtoto. Alifariki hapo Usambiro kwa malaria, Februari 1890, akiwa na miaka 40.