Yamaoka Tesshu: Mwalimu wa upanga aliyeokoa jiji bila kuuchomoa

KWA karne nyingi upanga ulikuwa alama ya heshima nchini Japani. Aliyeufunga kiunoni alitambulika kuwa ni samurai, mtu wa tabaka la askari, na wengine walimpisha njia. Lakini Machi 1876 serikali ya Mfalme Meiji ilipiga marufuku kubeba upanga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na maofisa waliovaa mavazi rasmi.

Kwa amri hiyo, ujuzi uliorithishwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana ukakosa kazi. Walimu wengi wa upanga walikuwa wamekwisha kuishiwa wanafunzi. Baadhi yao walipigana mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio, utaratibu ulioanzishwa jijini Tokyo mwaka 1873 na mwalimu maarufu Sakakibara Kenkichi ili wenzake wapate riziki.

Katika kipindi hicho kigumu alikuwapo mtu aliyeona kuwa upanga bado una kazi, ingawa si ile ya zamani. Huyo ni Yamaoka Tesshu, samurai, mwandishi mahiri wa hati za brashi na mfuasi wa Ubudha wa madhehebu ya Zen, ambaye ukumbi wake wa mazoezi ulikuja kuwa miongoni mwa chemchemi za mchezo unaoitwa leo kendo.

Tesshu alizaliwa Juni 10, 1836 katika jiji la Edo, ambalo sasa ni Tokyo, akapewa jina la Ono Tetsutaro. Baba yake alikuwa ofisa wa ukoo wa Tokugawa, uliotawala Japani tangu mwaka 1603 kupitia mkuu wa kijeshi aliyeitwa shoguni. Mwaka 1845 baba huyo aliteuliwa kusimamia eneo la milimani la Hida, na familia ikahamia mji wa Takayama. Huko ndiko kijana Tetsutaro alikofundishwa kuandika kwa brashi, na pia upanga, chini ya mwalimu Inoue Hachiro wa mkondo wa Hokushin Itto.

Msiba ulimkuta mapema. Mama yake alifariki dunia mwaka 1851, na mwaka uliofuata akafariki baba. Akiwa bado kijana mdogo, alirejea Edo akiwa na jukumu la kuwatunza wadogo zake, ambao wa mwisho wao alikuwa bado mchanga. Inasimuliwa kuwa sehemu kubwa ya urithi aliigawa ili kila mdogo wake apate familia nzuri ya kumlea, naye akabaki na kidogo sana. Umaskini huo ulimfuata kwa miaka mingi, hata watu wakampachika jina la Tetsu Matambara kutokana na nguo zake zilizochakaa.

Edo ya wakati huo ilikuwa na kumbi nyingi za kufundishia upanga, zinazoitwa dojo. Zamani mazoezi yalifanywa kwa panga za mbao na kwa hatua zilizopangwa kabla, kwa sababu pigo la kweli lingeweza kuvunja fuvu. Katika karne ya 18, walimu wa mikondo ya Naganuma na Nakanishi walieneza matumizi ya shinai, upanga uliotengenezwa kwa vipande vya mianzi, pamoja na mavazi ya kinga: kofia yenye nondo usoni, ngao ya kifua na glavu nene. Tangu hapo wanafunzi waliweza kupigana kwa nguvu zao zote na kurudi nyumbani salama.

Tesshu alifanya mazoezi katika ukumbi wa Genbukan, ulioanzishwa na Chiba Shusaku na kuvuta vijana kutoka pande zote za nchi. Baadaye aliingia Kobusho, chuo cha kijeshi kilichofunguliwa na serikali ya shoguni mwaka 1856. Alikuwa mrefu kuliko Wajapani wengi wa zama zake, mwenye mwili wa miraba minne, na hakuchoka kutafuta wapinzani. Mgeni aliyefika nyumbani kwake kwa shughuli nyingine aliweza kujikuta amekabidhiwa shinai na kuombwa mpambano. Ndipo akapata jina jingine, Zimwi Tetsu.

Jina la Yamaoka alilipata kwa njia ya mkuki. Mwalimu wake wa silaha hiyo, Yamaoka Seizan, alifariki ghafla mwaka 1855 akiwa bado kijana. Familia ya marehemu ilibaki bila mrithi, na Tesshu, aliyemheshimu sana mwalimu huyo, alikubali kumwoa dada yake na kuchukua jina la ukoo.

Mwaka 1863 zimwi huyo alikutana na kiboko yake. Alipambana na Asari Yoshiaki, mwalimu wa mkondo wa Nakanishi wa Itto, ambaye kwa umbo alikuwa mdogo kuliko yeye. Tesshu alitumia nguvu zake zote bila mafanikio. Asari hakurukaruka wala hakufoka. Alisogea polepole huku ncha ya upanga wake ikimwelekea mpinzani, na Tesshu akajikuta anarudi nyuma hatua kwa hatua hadi ukutani, asijue ni nini kinachomsukuma.

Badala ya kutafuta visingizio, Tesshu aliomba kuwa mwanafunzi wa Asari. Kuanzia hapo, kila alipofumba macho alimwona mwalimu huyo amesimama mbele yake kama mlima, na hali hiyo ilidumu kwa miaka 17. Alianza kuamini kuwa kasoro yake haikuwa ya mikono bali ya moyo. Aliwaendea watawa wa Zen, akakaa usiku kucha katika tafakuri, kisha asubuhi akarudi ukumbini kujaribu tena.

Katikati ya miaka hiyo, nchi ilipinduka. Mwanzoni mwa mwaka 1868 majeshi yaliyomuunga mkono Mfalme Meiji yaliyashinda majeshi ya Tokugawa na kuanza safari ya kwenda Edo, jiji lililokuwa na wakazi wapatao milioni moja. Shoguni wa mwisho, Tokugawa Yoshinobu, alikuwa amejitenga hekaluni kuonyesha kuwa hataki vita. Ujumbe huo ulipaswa kumfikia Saigo Takamori, kiongozi wa jeshi lililokuwa likisonga mbele, aliyepiga kambi Sunpu, mji unaoitwa sasa Shizuoka.

Kazi hiyo alipewa Tesshu. Kabla ya kuondoka alikutana na Katsu Kaishu, kiongozi mkuu wa upande wa Tokugawa aliyebaki Edo, ambaye alimkabidhi barua pamoja na mtu mmoja wa jimbo la Satsuma, alikotoka Saigo, awe msindikizaji wake. Tesshu alipita katikati ya askari wa adui akitangaza waziwazi jina lake na ujumbe aliobeba. Hakuna aliyemgusa.

Saigo alimpa masharti ya amani: ngome ya Edo ikabidhiwe, pamoja na silaha na meli za kivita. Tesshu aliyakubali, isipokuwa moja, lile la kumtoa Yoshinobu awekwe chini ya ulinzi wa jimbo jingine. Alimweleza Saigo kuwa hakuna mtumishi mwaminifu anayeweza kumkabidhi bwana wake kwa maadui, na kwamba sharti hilo lingewafanya watu wa Tokugawa wapigane hadi mwisho. Saigo aliona uzito wa hoja hiyo, akaahidi kulishughulikia mwenyewe. Siku chache baadaye Saigo na Katsu walikutana Edo na shambulio likasitishwa. Ngome ilikabidhiwa bila mapigano.

Damu haikukosa kumwagika kabisa. Kundi la wafuasi wa Tokugawa lilikataa kusalimu amri na likaangamizwa katika mapigano ya Ueno mwaka huohuo, licha ya Tesshu kujaribu kuwashawishi watawanyike. Hata hivyo, jiji lenyewe lilinusurika. Inasimuliwa pia kuwa Tesshu, katika maisha yake yote, hakuwahi kuua mtu kwa upanga.

Mwaka 1872 alikubali kuingia katika utumishi wa Mfalme Meiji, aliyekuwa na umri wa miaka 19, kwa ahadi ya kutumikia miaka 10. Ni yeye aliyesaidia mkate mtamu wenye maharage ndani, uliobuniwa na duka la Kimuraya, kufika mbele ya Mfalme Aprili 4, 1875, na mkate huo hadi leo unaliwa Japani nzima.

Machi 30, 1880 ndipo miaka 17 ya mashaka ilipofika mwisho. Siku chache kabla, mfanyabiashara mmoja alikuwa amemsimulia jinsi alivyokosa faida kila alipobabaishwa na hofu ya hasara, hadi alipojifunza kuamua bila kuwaza faida wala hasara. Tesshu aliyachukua maneno hayo hadi katika tafakuri na katika mazoezi. Alfajiri hiyo alipojiweka katika hali ya kukabiliana na Asari, taswira ya mwalimu wake haikuonekana tena. Asari mwenyewe aliposimama mbele yake, alishusha upanga kabla hawajapigana na kukiri kuwa mwanafunzi amefika.

Tesshu aliuita mkondo wake Muto, maana yake pasipo upanga. Hakumaanisha kuwa silaha itupwe. Alifundisha kuwa adui hayuko nje ya mtu, na kwamba anayetegemea silaha peke yake amekwisha kushindwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alifungua katika eneo la nyumba yake jijini Tokyo ukumbi alioupa jina la Shunpukan, yaani Ukumbi wa Upepo wa Majira ya Kuchipua. Jina hilo lilitokana na beti za Mugaku Sogen, mtawa wa karne ya 13 anayesimuliwa kuwa alibaki mtulivu pale askari wa Kimongolia walipomwinulia panga.

Utulivu wa jina haukufanana na yaliyofanyika ndani. Kwa miaka mitatu ya mwanzo mwanafunzi hakufundishwa mbinu zozote za ujanja. Kazi yake ilikuwa kushambulia tu: kuinua shinai, kusogea, kupiga, kugeuka na kurudia, hadi pumzi na nguvu za mabega zikaisha na mwili ukaanza kujiendea wenyewe. Wakati kumbi nyingine zilipenda shinai ndefu kwa ajili ya kupata ushindi wa mbali, Tesshu aliamuru shinai fupi na nene, isiyofika mita moja, ili mwanafunzi alazimike kumsogelea mpinzani wake na kuishinda hofu.

Kipimo kikubwa kiliitwa seigan, yaani nadhiri. Mwanafunzi aliyefanya mazoezi siku 1,000 mfululizo aliruhusiwa kukabiliana na wapinzani katika mapambano 200 kwa siku moja. Aliyefaulu angeweza baadaye kuomba hatua ya pili, mapambano 600 kwa siku tatu, na hatimaye ya tatu, mapambano 1,400 kwa siku saba. Wapinzani walipokezana wakiwa na nguvu mpya, huku yeye akibaki palepale. Kumbukumbu za wanafunzi zinaeleza juu ya mikono iliyovimba, haja ndogo yenye damu na watu walioshindwa kuinuka kitandani asubuhi. Zinaeleza pia kuwa ni katika uchovu huo, pale nguvu na hila zilipokuwa zimekwisha, ndipo baadhi yao walipoelewa kile ambacho mwalimu hakuweza kuwaeleza kwa maneno.

Nje ya ukumbi, Tesshu aliandika maelfu kwa maelfu ya hati kwa brashi, na michango iliyopatikana ikaenda katika ujenzi wa mahekalu na misaada kwa wenye shida. Hekalu la Zenshoan, aliloanzisha Tokyo mwaka 1883, lililenga kuwaombea waliokufa katika misukosuko ya mabadiliko ya utawala.

Saratani ya tumbo ilimwangusha. Julai 18, 1888 akiwa mahututi, aligundua kuwa hasikii mlio wa shinai kutoka ukumbini. Alipoambiwa kuwa wanafunzi wamesitisha mazoezi ili wawe karibu naye, aliwaamuru warudi mara moja, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine ya kumheshimu. Kesho yake, Julai 19, alikata roho akiwa ameketi katika mkao wa tafakuri. Alizikwa Zenshoan.

Mbegu aliyopanda haikupotea. Takano Sasaburo, aliyefika kwa Tesshu akiwa kijana baada ya kushindwa vibaya mwaka 1879, alikuja kuwa mwalimu wa walimu wa shule, na mwaka 1912 alikuwa miongoni mwa wakuu waliotunga mfululizo wa mafunzo rasmi ya kendo kwa nchi nzima. Baada ya Vita Kuu ya Pili, majeshi yaliyoikalia Japani yaliuzuia mchezo huo, lakini Shirikisho la Kendo la Japani liliundwa mwaka 1952 na mazoezi yakarejea. Ishida Kazuto, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Japani kuanzia 1969 hadi 1973, alikuwa mrithi wa tano wa mkondo wa Tesshu na pia aliliongoza shirikisho hilo.

Mwaka 1975 shirikisho lilitamka rasmi kuwa lengo la kendo ni kujenga tabia ya mtu kupitia kanuni za upanga. Kwa anayejiunga leo na klabu ndogo ya mtaani, lengo hilo huanza na mambo ya kawaida: kuinama mbele ya mpinzani, kuinua shinai na kurudia pigo lilelile mara mamia, kama walivyofanya wanafunzi wa Shunpukan siku ile mwalimu wao alipokuwa akisikiliza kutoka kitandani.