Pauline Opango: mwanamke aliyengojea mwili wa bwana yake

Mwenye kusafiri kwa gari kutoka Lubumbashi kuja Likasi anapita karibu na Shilatembo. Ni pale, usiku wa tarehe 17 Januari 1961, Patrice Emery Lumumba alipigwa risasi pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku ule, mbali kabisa, huko Léopoldville (Kinshasa ya leo), bibi yake Pauline Opango alikuwa anamungojea. Hakuna mtu aliyemuambia kitu.

Pauline alizaliwa mwaka wa 1937 huko Wembo Nyama, mu Sankuru. Mwaka wa 1951 jamaa walimuoza kwa Lumumba, karani wa posta huko Stanleyville (Kisangani). Alikuwa bado kijana wa miaka 14.

Kungojea alikuzoea mapema. Mwaka wa 1956 bwana alifungwa juu ya pesa za posta, akatoka mwaka wa 1957. Mwezi wa 11 mwaka wa 1959 akafungwa tena, mara hii juu ya siasa. Mwezi wa kwanza 1960 Wabelgiji wakamuleta hapa Likasi, wakati ule Jadotville, ku buloko. Nyuma ya siku chache tu wakamutoa ili aende Brussels ku mkutano wa Table Ronde. Mara ile, Katanga ilimurudisha muzima.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na Lumumba akawa waziri wa kwanza. Haikupita hata wiki mbili, Moïse Tshombe akatangaza Katanga kuwa inchi yake yenyewe. Vita ikaanza. Mwezi wa 10 maaskari walizunguka nyumba ya Lumumba, hakuweza kutoka. Mwezi wa 11 mtoto wao muchanga, Christine, akafariki huko Uswisi. Watoto wakubwa walikuwa wametumwa Misri.

Usiku wa tarehe 27 Novemba, Lumumba alitoroka kwenda Stanleyville. Pauline na mtoto mudogo Roland walikuwa mu safari ile. Inasimuliwa kama ku mto Sankuru Lumumba alikuwa amekwisha kuvuka, lakini bibi na mtoto walibaki ng'ambo, na maaskari wakawafikia. Akarudi kwa ajili yao. Wakamukamata, wakamufunga Thysville. Kutoka kule alimuandikia Pauline barua ya mwisho.

Tarehe 17 Januari wakamupeleka Katanga kwa ndege. Usiku ule ule akauawa. Siku chache nyuma, polisi Wabelgiji wakafukua miili mitatu na kuiyeyusha kwa asidi. Tarehe 13 Februari ndipo waziri Godefroid Munongo alitangaza kifo, akisema ni wanakijiji waliomuua. Kwa karibu wiki nne Pauline alikuwa mujane pasipo kujua.

Kesho yake alitembea kwa miguu mu barabara za Léopoldville, matiti wazi, sawa vile mwanamke wa kwao anavyolia bwana yake. Alienda ku ofisi ya ONU kuomba mwili ili auzike. Wakuu wa Katanga walikatala kuutoa. Alikuwa anaomba kitu ambacho hakikuwa tena.

Nyuma ya pale alifuata watoto wake huko Kairo. Hakuolewa tena. Alirudia Kongo, akafariki Kinshasa tarehe 23 Desemba 2014, akiwa na miaka 77.

Tarehe 20 Juni 2022, Ubelgiji ilirudisha jino moja la Lumumba, lililokuwa limebebwa na polisi mmoja wa wale walioyeyusha miili. Lilipitishwa Shilatembo pia, kisha likawekwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Pauline alikuwa amekwisha kufa miaka 7 na nusu.

Leo, mashariki ya inchi, wako wanawake wengi ambao bwana zao walienda na vita, na hakuna anayewaambia kama ni wazima ao ni wafu. Kitu walichonyimwa ndicho Pauline aliomba siku ile: kujua bwana yuko wapi, na kumuzika.