Albert Munsell, Mwalimu Aliyezipa Rangi Namba

Tuchukue kwamba fundi anapaka rangi ukuta wa darasa huko Katandala, mjini Sumbawanga. Kabla hajamaliza kazi, rangi inamwishia. Kopo lake liliandikwa neno maziwa. Anakwenda dukani, lakini hapati kopo la kiwanda kile. Ananunua la kiwanda kingine, nalo limeandikwa maziwa vile vile. Rangi inapokauka, ukuta unaonekana vipande viwili: kimoja kinaelekea manjano, na kingine kinaelekea kijivu. Jina ni moja, lakini rangi ni mbili.

Kwa nini? Kila kiwanda huchanganya unga wa rangi kwa kipimo chake, na jina halielezi kipimo hicho. Aliyefanya kazi kubwa ya kuondoa tatizo la namna hii alikuwa mwalimu, Albert Henry Munsell.

Munsell alizaliwa mwaka 1858 katika mji wa Boston, nchini Marekani. Alisomea uchoraji mjini kwao, kisha akaendelea na masomo Paris, Ufaransa. Baadaye alikuwa mwalimu katika chuo cha sanaa alichosoma mwenyewe. Alipofundisha, aliona kwamba majina ya rangi yanapotosha. Mtu mmoja husema kijani akifikiria jani bichi la mgomba. Mwingine husema kijani akifikiria maji ya ziwa. Munsell alijua kwamba wimbo huweza kuandikwa kwa alama, na mtu wa mbali akaupiga sawasawa. Alitaka rangi nazo ziandikwe hivyo.

Alitambua kwamba kila rangi ina sifa tatu. Sifa ya kwanza ni aina yake: nyekundu, manjano, kijani, buluu au zambarau, pamoja na zile zilizo kati ya hizo. Sifa ya pili ni mwangaza, yaani jinsi rangi inavyokaribia weusi au weupe. Munsell alipima mwangaza kuanzia 0, ambayo ni nyeusi kabisa, hadi 10, ambayo ni nyeupe kabisa. Sifa ya tatu ni ukolevu. Rangi iliyokolea ina namba kubwa, na iliyopauka ina namba ndogo.

Hapo mwanzo Munsell alizipanga rangi zote katika umbo la tufe. Nyeupe ilikaa juu, nyeusi chini, na rangi nyingine zilizunguka katikati. Lilikuwa umbo zuri, na watoto walilielewa upesi. Lakini Munsell hakuridhika kwa kutazama tu. Alitengeneza chombo cha kupimia nuru inayorudi kutoka kwenye rangi. Alizungusha pia visahani vyenye rangi mbalimbali ili aone jinsi zinavyochanganyika machoni. Vipimo vilionyesha kwamba tufe halitoshi. Manjano hukolea sana karibu na weupe, lakini buluu ya zambarau hukolea sana karibu na weusi. Nyekundu nayo huweza kukolea kuliko buluu ya kijani. Basi Munsell aliliacha tufe alilolipenda, akafuata vipimo. Umbo jipya lilikuwa kama mti wenye matawi marefu na mafupi.

Mwaka 1905 alichapisha kitabu kilichoeleza mpango wake. Mwaka 1915 alitoa kitabu kikubwa chenye vipande vya rangi zenyewe, kila kipande na namba yake. Alifariki mwaka 1918. Kazi haikufa pamoja naye. Wanasayansi waliendelea kupima vipande vile, na mwaka 1943 walitoa vipimo vilivyosahihishwa.

Tutazame mfano mmoja: 5Y 9/2. Alama 5Y ni manjano, herufi ikitokana na jina la rangi hiyo katika lugha ya Munsell. Namba 9 yaonyesha mwangaza ulio karibu na weupe. Namba 2 yaonyesha kwamba rangi haikukolea. Mchanganyaji aliye mbali akipata namba hizi anajua rangi inayotakiwa, hata kama kiwanda chake kinaiita kwa jina jingine.

Namba hizo husaidia hata shambani. Wataalamu wa udongo, wa Tanzania na wa nchi nyingine, hulinganisha bonge la udongo na vipande vya rangi kitabuni. Udongo wenye alama 5YR 4/6 ni mwekundu unaoelekea manjano. Wekundu huo mara nyingi hutokana na kutu ya chuma iliyomo udongoni. Kwa hiyo mtaalamu aliye Sumbawanga anaweza kumweleza mwenzake wa Morogoro rangi ya udongo bila kumpelekea udongo wenyewe.

Jambo la kufanya

Tafuteni vipande viwili vya ubao vilivyopakwa rangi zinazofanana, kutoka makopo ya viwanda viwili. Ngojeni vikauke kabisa, kwa maana rangi mbichi hudanganya macho. Vitazameni kivulini mchana, kisha chini ya taa usiku. Rangi mbili huweza kulingana mchana na kuachana chini ya taa, kwa sababu kila unga wa rangi hurudisha nuru kwa namna yake.

Maswali

1. Taja sifa tatu za rangi.
2. Kwa nini Munsell aliacha umbo la tufe?
3. Rangi mbili zina alama 5Y 9/2 na 5Y 5/2. Ni ipi iliyo karibu zaidi na weupe?