John Boyd Dunlop: daktari wa wanyama aliyetia hewa ndani ya gurudumu

Dereva wa Goma ao Bukavu akisikia usukani unatetemeka, kitu cha kwanza fundi anaangalia ni mpira: kama hewa imepungua, kama umevimba upande mmoja, kama umeisha vibaya. Kisha njo anaangalia resori na amortisa. Lakini kuna wakati mtetemo haukuwa ugonjwa wa gari. Ilikuwa ndiyo safari yenyewe.

Mtu aliyebadilisha mambo hayo hakuwa fundi wa magari. John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, Scotland. Alisomea udaktari wa wanyama, halafu akahamia Ireland mwaka 1867, akafungua kazi yake Belfast.

Mwaka 1887, mtoto wake alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Barabara za Belfast zilikuwa za mawe, na kila jiwe lilimfikia mtoto mgongoni. Baba akachukua bomba jembamba la mpira, akalizungusha kwenye duara la mbao, akalijaza hewa. Akalisukuma uani pamoja na gurudumu la baiskeli ile. La baiskeli likaanguka mapema. La hewa likaenda mpaka likagonga mlango wa ua. Hewa ilikuwa inameza mawe, na nguvu haikupotea.

Desemba 1888 akapata hati ya uvumbuzi. Mei 1889, mshindani Willie Hume alitumia mipira ya Dunlop katika mashindano ya baiskeli ya Belfast, akashinda. Mwaka uleule kampuni ikaundwa Dublin, pamoja na mfanyabiashara Harvey du Cros.

Lakini hati haikudumu. Iligundulika kwamba mwenzake wa Scotland, Robert William Thomson, aliandikisha wazo hilohilo tangu 1845, wakati baiskeli za namna hiyo hazijakuwepo. Dunlop akatoka katika kampuni mwaka 1895. Mwaka 1896 ikauzwa kwa pauni milioni 3, na utajiri mkubwa ukaenda kwa wengine. Jina tu ndilo lilibaki lake.

Huku Congo, hesabu ilikuwa nzito zaidi. Baiskeli, na baadaye magari, zilitaka mpira mwingi. Utomvu ulikuwa msituni, na msitu ulikuwa mikononi mwa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Dunlop siye aliyeunda utawala ule. Lakini bei ilipopanda Ulaya, vijiji vya Congo vililazimishwa kuleta utomvu kwa kipimo. Walioshindwa walipigwa fimbo, wake zao wakafungwa, watu wakauawa, mikono ikakatwa. Mwaka 1908 Ubelgiji ikamnyang'anya Leopold nchi, lakini waliokufa hawakurudi.

Dunlop alifariki Dublin tarehe 23 Oktoba 1921, akazikwa makaburi ya Deansgrange.

Leo Goma, chukudu bado inatembea na magurudumu ya mbao yaliyovikwa vipande vya mpira mzee, bila hewa. Anayeisukuma anajua mabegani mwake kile mtoto wa Belfast alijua mgongoni. Na dereva anayepima hewa asubuhi, mpira ukiwa bado baridi, anashika kitu ambacho mababu zake walikilipia damu.